Dawa Iliyongoja Unga

Majirani zangu, na ninyi mnaoishi mbali na ghala letu lakini mna watoto, nipeni masikio kidogo. Mimi si msimulizi. Ni fundi cherehani ambaye cherehani yake ilikwenda na maji, na hapa ghalani, tulipohifadhiwa baada ya mafuriko, wananiita Bibi Utepe. Siku watu wa misaada walipouliza nani anajua kupima, nilinyoosha mkono kabla sijauliza tunapima nini. Nilidhani ni suruali. Kumbe ilikuwa mikono ya watoto.

Kazi yenyewe haina ugumu. Unauzungusha utepe kwenye mkono wa mtoto, kati ya bega na kiwiko, halafu unasoma rangi. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, anapungua. Nyekundu, mwili umeanza kujila wenyewe. Mtoto wa nyekundu anapewa pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, mafuta na sukari, mbili kila siku, na mama anafundishwa kumlisha.

Nitaanza na asubuhi moja nzuri, kwa sababu zilikuwepo. Mvua ilikuwa imepumzika na mabati ya ghala hayajaanza kuchoma. Jirani yangu alikuwa amekaa mbele ya chumba chake, mtoto mapajani. Huyo mtoto tulimwita Kicheko. Alikuwa na mwaka na nusu, na alikuwa akicheka hata ukipiga chafya. Nilipomfunga utepe aliushika akautia mdomoni, nikaanza kuvutana naye kama tunagombea kamba ya ng'ombe.

"Mwachie bibi utepe wake," mama yake akamwambia, "atakosa kazi."

"Nikikosa kazi nitakuja kula kwako," nikamjibu.

Tulicheka wote watatu. Rangi ilikuwa njano inayokaribia kijani, na majuma matatu nyuma ilikuwa nyekundu tupu. Nilijiona daktari.

Sasa niwaambie mama huyu alikuwa nani. Watu walimwita Mwenye Debe. Kwao ndiye aliyekuwa akitunza mbegu za ukoo mzima, ndani ya debe la bati lenye mfuniko wa kubana. Mwaka wa kwanza mvua ilichelewa. Wa pili ilinyesha juma moja ikaondoka, na mumewe naye akaondoka kwenda kutafuta kibarua. Siku hizi ukiipiga namba yake haipatikani. Mwaka wa tatu hakukuwa na mvua kabisa. Mwenye Debe alikula majani ya porini, akanyonyesha kwa majani hayo, lakini debe hakulifungua. Mbegu hailiwi, alifundishwa hivyo tangu anatambaa. Mwaka wa nne mvua ya miaka yote minne ikaja kwa mkupuo, mto ukaingia ndani. Alitoka na mtoto mgongoni na debe kichwani.

Maji yalikuwa yameshapenya. Alipolifungua hapa ghalani, mbegu zilikuwa zimeota humo humo, na mahali pa kuzipanda hakuna, chini ni saruji. Alililia debe lile kuliko alivyoililia nyumba.

Chumba chake na changu vilitenganishwa na turubai moja tu. Nilijua anapokohoa, anapogeuka, anapomwimbia mtoto. Na bado zilipita siku nyingi tusisemezane zaidi ya kuulizana tumeamkaje. Watu mia kadhaa chini ya paa moja, na kila mtu yuko peke yake kama yuko kisiwani. Mimi wangu wote walikwenda, wengine kwa maji na wengine kwa miguu, na nilikuwa nimeamua kwamba sitamzoea mtu tena.

Neno "dawa" lilianza hivi. Pakiti zile ni tamu. Tuliwakuta kina baba wakizilamba, na watoto wakubwa wakizibadilishana kwa gololi. Sisi wapimaji tukakaa tukakubaliana wenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba kuanzia siku ile hatutasema ni chakula. Tutasema ni dawa, maana dawa ya mwenzako huilambi. Wazo lilikuwa langu. Nilipongezwa.

Mwenye Debe alipokuja na mtoto wake wa nyekundu, foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Nilimkabidhi pakiti nikasema, "Hii ni dawa, si chakula. Usimpe mwingine." Aliniuliza jambo, sikumbuki lilikuwa lipi, nami nikaita, "Anayefuata!"

Basi akaishika dawa kama dawa. Alimpa mtoto uji kwanza, kisha pakiti. Mtoto alipoanza kuchangamka, akawa anampa pakiti moja kwa siku na nyingine anaiweka. Daraja letu tulikuwa tumeshaliona likifunikwa na maji mara mbili, malori ya misaada yakabaki ng'ambo. Yeye ni mtu aliyezoea kuweka kwa ajili ya siku mbaya. Akaziweka ndani ya debe.

Siku mbaya ilikuja katika mwezi ambao tangu nizaliwe sijawahi kuuona ukileta mvua. Ilinyesha siku tatu, daraja likachukuliwa lote. Baada ya hapo likatoka jua la kutisha, ghala likawa tanuri. Mitaro ilijaa maji machafu na watoto wakayanywa, wakaanza kuharisha. Unga wa mgao ukaisha. Pakiti za kituo chetu cha kupimia nazo zikaisha, na mimi nikautundika utepe wangu msumarini. Nilijiambia, napima ili iweje, kama sina cha kutoa?

Siku moja adhuhuri Mwenye Debe akaja kusimama kwenye pembe ya turubai.

"Hodi, bibi."

"Karibu."

"Samahani, una unga? Hata kiganja kimoja."

"Sina, mwanangu. Nami naungojea huo huo."

"Haya." Hakuondoka. Alishika pembe ya turubai akawa anaikunja na kuikunjua.

"Mtoto hajambo?" nikamuuliza, ili aondoke.

"Hajambo. Alikuwa anaharisha, imekata. Homa hana. Ana njaa tu."

"Njaa tunayo wote," nikasema.

Akaondoka. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, ndugu zangu, kwa maana naona haya kuliandika mara mbili. Unga nilikuwa nao. Ulikuwa kwenye mfuko wa kitambaa chini ya mkeka, vikombe viwili hivi. Nilikuwa nikikoroga uji wangu mchana watu wanapokwenda kukinga maji, polepole, kijiko kisigonge sufuria.

Siku zilizofuata chumba cha pili kilikuwa kimya. Sikusikia kicheko, sikusikia kilio wala wimbo. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilisema afadhali, leo nitapata usingizi wa mchana.

Siku ya tisa nikaitwa. "Bibi, njoo upime."

Niliutoa utepe msumarini. Mkono wa Kicheko haukuhitaji utepe, macho yalitosha, lakini nilipima kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Rangi ilipita nyekundu ikaenda mbali. Mtoto alinitazama kama mtu mzima aliyechoka na wageni. Tulimfunga kwenye kanga tukaenda mtoni, mimi na mama yake, kutafuta mtumbwi wa kutuvusha kwenda zahanati. Tulingoja ng'ambo hii. Mtumbwi ulikuwa upande wa pili, mwenye nao tukimwona kabisa, tunampungia mkono, naye anapigana na mkondo. Kicheko alikata roho tukiwa tunapunga.

Tulirudi njia ile ile.

Malori yalipovushwa kwa kivuko juma lililofuata, kituo kilifunguliwa. Mwenye Debe alikuwa wa kwanza kufika. Aliliweka debe lake mezani pangu.

"Bibi, nimekurudishia dawa. Kuna mtoto mwingine ataihitaji."

Nilifungua mfuniko. Pakiti zilikuwa zimepangwa safusafu, zimefutwa vumbi, kavu kabisa. Zingemtosha mtoto siku zote zile tisa na kubaki.

"Mama Kicheko, kwa nini hukumpa?"

"Nilikuwa nangojea unga," akasema. "Dawa hainywewi tumbo likiwa tupu, inachoma. Ningemuua. Nilitaka nipate hata vijiko viwili vya uji, nimpe kwanza, ndipo nimpe dawa."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu aliyefuata masharti yote ikashindikana. Nilimtazama. Maneno yalikuwa mdomoni: kwamba kile ni chakula, kwamba kingemtosha peke yake, na maji safi pembeni. Nikaogopa. Nikasema, "Asante, mama," nikaingiza pakiti kwenye kasha.

Sikula siku mbili, na safari hii si kwa kukosa. Siku ya upimaji iliyofuata nilipiga moyo konde, nikapanda juu ya kiti mbele ya foleni nzima nikapaza sauti: "Kina mama, tuliwadanganya! Hii si dawa. Hiki ni chakula, cha mtoto huyu mgonjwa peke yake. Mpe akiwa ameshiba, mpe akiwa na njaa, mpe hata kama nyumbani hakuna unga hata chembe. Na njaa yenyewe ndiyo ugonjwa."

Watu walinong'ona. Nilipotupa macho nyuma ya foleni nikamwona. Alikuwa amekuja kurudisha kadi ya mtoto. Aliishika kifuani, midomo ikacheza, nikasoma alichosema kwa sababu hakukisema kwa sauti: "Kumbe ni chakula."

Akageuka akaenda zake.

Niliacha foleni nikamfuata. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale nilipita upande wa pili wa turubai nikakaa kwenye mkeka wake. Debe tupu lilikuwa kando yake. Hakulia, na mimi sikuthubutu kulia kabla yake.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema hatimaye. "Siku ile nilipokuletea. Ungeniambia mimi peke yangu, kabla ya wote."

"Ni kweli. Nilikuogopa."

"Haya."

Nikaona nisirudie kosa lile lile. "Kuna lingine, na hili wewe ndiye wa kwanza kulisikia. Siku ulipokuja kuniomba unga, nilikuwa nao."

Aliuelekeza uso kwenye turubai.

"Najua," akasema. "Nilikusikia unakoroga."

FUNZO

Wataalamu hutueleza kwamba joto la dunia linapanda, ndiyo maana ukame unafuatwa na gharika na miezi haijijui tena. Mimi si mtaalamu, ila nimeishi ndani yake. Najua kwamba hali ya hewa ikivurugika, kwanza inakula shamba, halafu inakula barabara inayoleta msaada, kisha inachafua maji, na mwisho wa safari yote hiyo kuna mkono wa mtoto. Watoto huanza kuisha mapema kuliko sisi, nao hawana namna ya kujieleza.

Kwa hiyo shikeni haya. Mtoto anayekonda ni mgonjwa hata kama hana homa. Usimwambie mtu kwamba njaa tunayo wote. Chakula cha mtoto mgonjwa hakiwekwi akiba, hata kama tumelelewa kuweka, maana siku mbaya ya mtoto ni leo. Daraja likikatika, hapo ndipo utepe unapaswa kutoka msumarini na kupita chumba kwa chumba. Nanyi mnaogawa misaada kama mimi, semeni neno lenyewe, na mama akiuliza swali msiite anayefuata. Uongo wangu ulikuwa mdogo na wa nia njema, na uliua.

Na mwenye vikombe viwili vya unga chini ya mkeka akumbuke kwamba turubai linapitisha sauti pande zote mbili.

Mwenye Debe bado ni jirani yangu. Hatujawa marafiki, sitawapamba. Lakini kila siku ya kupima anakuja akiwa mikono mitupu, anasimama mwisho wa foleni bila kumsemesha mtu. Ananisubiri nipande kwenye kiti niseme, "Hiki ni chakula." Nikishasema, anaondoka.