Zamu ya Upande wa Kushoto

Kila asubuhi ndani ya mashua ilianza kwa kelele zilezile: bibi akipampu jiko la mafuta ya taa, babu akikohoa, na mvua ikigonga paa la chumba chao kidogo kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Chiriku alikunja blanketi lake, akalisukuma chini ya benchi alilolalia, kisha akachukua kitambaa na kukausha maji yaliyovuja dirishani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Ya pili ilikuwa kupanga vikombe mezani, na hapo alikuwa mwangalifu sana. Kikombe cha babu alikiweka upande wa kulia. Angekiweka kushoto, babu angekipiga kikumbo kwa kiwiko kana kwamba hakipo.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Alipewa na babu tangu akiwa mdogo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini aliongea. Likizo hii ya msimu wa joto alikuja kukaa na babu na bibi ndani ya mashua yao ya tanga. Babu, seremala mstaafu, aliiunda mwenyewe ubao kwa ubao nyuma ya nyumba. Bibi, fundi cherehani, alishona matanga. Likizo ikiisha, wazee hao wawili wangeelekea kusini, safari ndefu waliyokuwa wakiiongelea tangu kabla mama yake Chiriku hajazaliwa. Matembezi haya, kutoka ghuba moja hadi nyingine, yalikuwa ya kuijaribu mashua kabla ya kuikabidhi bahari kubwa.

Ila joto lenyewe lilibaki jina tu. Leo mvua, kesho ukungu, keshokutwa vyote viwili.

"Huu ni msimu wa joto au wa vyura?" bibi aliuliza, akimimina chai. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, mama, mbona siku hizi kimya? Nani kamfunga mdomo chiriku wangu?"

"Hakuna kitu, bibi."

Babu aliinamisha uso kwenye kikombe chake.

Jambo lenyewe lilianza kama mchezo. Siku za mwanzo za safari, babu akiwa zamu kwenye usukani, alimwita Chiriku akae karibu yake. "Tugawane bahari," alimwambia. "Kulia kwangu, kushoto kwako. Ukiona boya, mwamba au mashua ya wavuvi, piga kelele."

Chiriku alifurahi kupita kiasi. "Boya jekundu, babu!"

"Nimeliona!" babu alijibu.

Kila mara alijibu hivyo, lakini kila mara ilikuwa baada ya Chiriku kusema. Siku moja, kwa utundu tu, Chiriku aliamua kunyamaza. Upande wa kushoto ilitokea meli ya mizigo, kubwa kama mtaa mzima. Ikaja. Ikazidi kuja. Babu aliendelea kuimba wimbo wake, macho mbele. Meli ilipopiga honi, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi, akauvuta usukani kwa nguvu zake zote. Meli ilipopita, Chiriku alimgeukia babu.

"Babu, hukuiona?"

Babu aliurudisha usukani mahali pake. "Macho yameanza kunisaliti," alisema mwishowe. "Mbele naona vizuri. Kushoto pana kiza. Bibi yako akijua, safari ya kusini imekufa, na amefunga duka lake la ushonaji kwa ajili yangu. Nisaidie, mjukuu wangu. Iwe siri yetu sisi wawili."

Babu hakuwahi kumwomba Chiriku kitu chochote. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa: vinyago vya mbao, hadithi, mgongo wa kubebea. Angemkataliaje? Aliitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo, kila zamu ya babu ilikuwa zamu yake pia. Mvua ilimwingia shingoni, vidole vikafa ganzi, lakini hakubanduka. Na maneno yalimkauka. Aliogopa kwamba akifungua mdomo kusema jambo dogo, lile kubwa lingeponyoka nalo.

Alasiri moja ya ukungu, walikaribia mlango mwembamba wa ghuba walikotaka kulala. Bibi alikuwa amechora njia kwa penseli kwenye ramani na kuieleza vizuri: boya la kijani walipite likiwa upande wao wa kushoto, kwa kuwa kushoto kwake kulikuwa na mchanga na mawe. Babu alishika usukani. Chiriku alikaa mahali pake.

"Chiriku!" bibi aliita kutoka chini. "Njoo unimenyee viazi."

"Nakuja, bibi. Bado kidogo."

"Bado kidogo nini? Unachunga mbuzi huko juu?"

"Naangalia... naangalia boya."

"Na babu yako je? Au siku hizi nahodha ni wewe na yeye ni pambo?" Bibi alicheka. "Shuka bwana, viazi havijimenyi."

Chiriku alimtazama babu. Kila jibu lingeigusa siri yao.

"Nenda," babu alisema taratibu. "Nitageuza shingo."

Chiriku alishuka. Hajamaliza kumenya kiazi cha kwanza, alisikia sauti chini ya miguu yake, sauti ya mbao zikisagwa na mawe. Mashua ilisimama ghafla, ikainama upande. Birika liliteleza jikoni na maji ya moto yakammwagikia bibi mkononi. Bibi alipiga ukelele ambao Chiriku hakuwahi kuusikia kutoka kwake.

Babu alishuka mbio, wakauweka mkono kwenye ndoo ya maji baridi, kisha wakapanda juu wote watatu na ndoo yao. Boya la kijani lilikuwa nyuma yao, upande wa kulia. Walikuwa wamepita mahali pasipopitika.

"Maji yakijaa yatatuinua," babu alisema kwa sauti ndogo.

Lakini bibi alikuwa ameshaitandaza ramani mapajani, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya ndoo. Aliutazama mstari wake wa penseli, akaanza kulia.

"Ni mimi," alisema. "Nilichora karibu mno na boya, maji yakatusukuma upande usiofaa. Nimezeeka, mume wangu. Kama ghuba ndogo hii imenishinda, huko kusini nitakupitisha wapi? Nitakuua mimi."

Babu alifungua mdomo. Akaufunga. Chiriku alimkodolea macho, akimsihi kimoyomoyo: sema, babu, sema basi. Babu aliviangalia viganja vyake. Mvua ilikuwa ikimtiririka kwenye ndevu, naye hakuifuta.

Chiriku akapiga moyo konde.

"Bibi, mstari wako uko sawa," alisema. "Babu hakuliona boya. Upande wa kushoto haoni. Mimi ndiye nilikuwa namwangalizia, halafu nikaja kumenya viazi." Akamgeukia babu, machozi yakimtoka. "Nisamehe, babu."

Bibi aliunyoosha mkono wake usioungua, akaupunga polepole pembeni ya uso wa mumewe, upande wa kushoto. Babu hakupepesa jicho.

"Tangu lini?" bibi aliuliza.

"Tangu kabla hatujaishusha mashua majini."

"Na ukamkalisha mtoto kwenye mvua awe jicho lako?"

"Niliogopa kukuharibia safari."

"Nimelia hapa mbele yako kwa kosa lisilo langu," bibi alisema, "na wewe umenyamaza. Hilo ndilo limeniunguza kuliko maji ya birika."

Jioni maji yalijaa na kuwainua. Walirudi mjini huku bibi akishika usukani kwa mkono uliofungwa kitambaa, na njia nzima hakuna aliyeimba.

Daktari wa macho alimpima babu kwa muda mrefu. Alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kutoka pembeni, kidogo kidogo, bila maumivu. Matone ya dawa, kila siku, yangeulinda uwezo uliobaki. Uliopotea usingerudi.

"Ungekuja mapema ningeokoa zaidi," alisema.

Kwa babu, usukani ndio basi. Na safari ya kusini, mwaka huu, ilikwisha pale pale kwenye kiti cha daktari.

Wiki ya mwisho ya likizo, babu alipomaliza kubadilisha mbao zilizosagika, walitoka tena, mpaka mdomo wa bandari tu. Mawingu yalikuwa yaleyale. Bibi alikaa kwenye usukani, Chiriku mahali pake pa zamani, na babu katikati yao.

"Babu," Chiriku aliuliza, "ningesema ile siku ya meli, macho yako yangekuwa bora?"

"Pengine kidogo," babu alijibu. "Lakini huo si mzigo wako, ni wangu. Nisikilize vizuri. Siri ya zawadi, ya mchezo, tunza. Lakini mtu mzima akikuomba ufiche jambo linaloweza kumuumiza yeye au mwingine, usikubali, hata kama unampenda, hata kama ni mimi. Mwambie mtu anayeweza kusaidia. Ugonjwa unaofichwa haulali, unaendelea na kazi yake. Ulinifanyia jambo nililoshindwa mimi mwenyewe, na ndiyo maana bado nakuona hapo ulipo."

Bibi alifuta maji usoni. "Boya linakuja, mzee. Upande gani?"

Babu alivuta pumzi. Kisha, kwa sauti ya kusikika mpaka gatini, akasema, "Sioni. Kushoto sioni. Niambieni."

"Jekundu, babu!" Chiriku alipaza sauti. "Limeota kutu, na juu yake kuna ndege anajikausha kwenye mvua, mjinga kweli, halafu nyuma yake kuna..."

Na hakunyamaza mpaka walipofunga kamba.