Wimbo wa Harusi Kwenye FF

— Machine njo iko mugonjwa, Glodie. Inakosa nguvu.

Séraphin akaitupa kitandani ile mashine ndogo ya kutungia muziki, inayoenea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na wimbo ambao Glodie, mchumba wake, angeingia nao kanisani Jumamosi, hapo hapo mtaani kwao Kapata. Kila alipoucheza aliulalamikia.

Glodie aliusikia vizuri, tena ukimpasua kichwa. Hakubishana, maana roho yake ilikuwa kwingine. Tangu Séraphin aanze kazi kwenye kinu cha kusaga mawe, barabara ya Musonoi, hapokei simu. Ukimpigia anarudisha meseji: "Andika chérie, niko ku bruit," yaani yuko penye kelele. Hata Jumapili, akiwa kwao! Nani asiyejua maana yake? Mama yake Glodie alishatamka wazi kwamba huyo ana mwanamke mwingine.

Hata hivyo Glodie alipeleka kadi ya mashine mjini, akawekewa programu mpya, ile mise à jour ambayo Séraphin aliingoja kama dawa. Akairudisha kadi, akaiwasha mashine. Wimbo ukalia vilevile, kwa kelele ileile. Kumbe mashine haikuwa na ugonjwa wowote.

Ndipo akaziangalia namba za ukubwa wa sauti. Séraphin mwenyewe ndiye aliyemfundisha, enzi mapenzi yakiwa matamu, kwamba mashine hii haihesabu kama sokoni: baada ya 9 inakuja A, mpaka F, halafu 10, ambayo ni kumi na sita. Kimya ni 00, mwisho ni FF. "Weka mpaka 80," alikuwa akimwambia, "njo katikati, majirani balale."

Sasa ngoma ilikuwa FF. Gitaa FF. Kila kitu FF.

Glodie alishusha zote hadi 00. Séraphin alipotoka kazini, Glodie akampa mashine, akabonyeza wimbo uanze, akasimama nyuma yake. Mstari unaoonyesha wimbo ulipofika ukatembea kwenye kioo. Chumba kilikuwa kimya. Séraphin aliufuata mstari kwa macho, akitikisa kichwa kwa mapigo.

— Ah, sasa iko bien. Mise à jour imeitengeneza.

— Séra, tangu lini hausikie?

Hakugeuka. Kichwa kiliendelea kutikisika.

Glodie akazunguka mbele yake, akarudia polepole. Séraphin alimsoma midomo, akaiweka mashine chini.

— Kinu njo kilibeba masikio. Ungejua, ungeolewa na kiziwi? Muimbaji kama weye?

Glodie alilia sana. Afadhali angekuwa mwanamke mwingine. Huyo angeweza kufukuzwa.

— Mi nilipenda weye, sikupendaka masikio yako. Lakini ulinidanganya, na hiyo njo inauma.

Séraphin aliuliza kama aende kwa mchungaji kuvunja harusi. Glodie alichukua mashine, akarudisha kila namba kwenye 80.

Jumamosi aliingia kanisani akiimba, na watu wakapiga vigelegele. Mbele, Séraphin hakutazama mlango. Alikuwa ameinamia mashine mkononi, akiufuata mstari, ajue mke wake amefika wapi kwenye wimbo.