Asubuhi ya Kuhesabu Abiria

Kila alfajiri, saa kumi na moja, mama yake Chiriku alianza kutafuta viatu vyake. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Zamani kiwanda kilikuwa katikati ya jiji, lakini kilihamia kitongoji cha upande wa pili. Kwa kuwa mabasi yote yalikwenda mjini tu, mama alipanda basi la kwanza hadi mjini, akapanga foleni upya, kisha akapanda jingine la kumtoa mjini. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Chiriku alikuwa darasa la sita, na jina hilo alilipata kwa kupenda kusema. Ndiyo maana mwalimu alimchagua siku afisa wa mipango miji alipokuja shuleni kutafuta wasaidizi.

"Nenda kituoni kesho, saa kumi na mbili hadi saa moja," afisa alimwambia. "Waulize abiria mia moja mwisho wa safari yao ni wapi. Andika unachoambiwa, si unachodhani."

Kesho yake mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha. Mama alipokwisha kutoka, Chiriku alijifunika tena blanketi. Nani asiyejua kuwa watu huenda mjini? Akaijaza fomu pale pale kitandani: tisini mjini, kumi kwingineko. Shuleni akaikabidhi, akapongezwa.

Jioni mama alirudi akiwa hoi, akaloweka miguu katika beseni.

"Kazi yako ilikwendaje, mwanangu?"

"Vizuri, mama. Niliwauliza wote."

Mama aliinua macho kutoka kwenye beseni. "Mimi nilisimama kituoni hadi saa kumi na mbili na nusu. Mbona sikukuona?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Chiriku ilikuwa imeishia kwenye beseni la mama yake. Alieleza yote, machozi yakimlengalenga. Mama hakumgombeza.

"Kesho utamwambia afisa mwenyewe," alisema.

Afisa alimsikiliza, akaichana ile fomu polepole. "Basi keshokutwa tutakwenda pamoja."

Siku hiyo Chiriku alisimama kituoni, akapigwa na butwaa. Foleni ilizunguka kona hadi asiione mwisho wake. Kila aliyemuuliza alikuwa na safari yake: muuguzi alikwenda hospitali mpya ya kaskazini, fundi bomba kwenye nyumba zinazojengwa bondeni, wapishi wawili kwenye chuo kilichohamia mlimani. Katika watu mia moja, sitini na wanne hawakuwa na shughuli yoyote mjini. Walikuwa wakipita tu, kama mama yake.

Ofisini, afisa alitandaza ramani pana kuliko meza. Kwa kila abiria asiye na shughuli mjini, wa Chiriku na wa wasaidizi wa vituo vingine, alichora mstari kutoka nyumbani hadi kazini. Chiriku alitazama mistari ikizidi, ikilizunguka jiji pande zote kama utando wa buibui, na katikati pakabaki karibu peupe. Alikuwa ameishi humo miaka kumi na miwili bila kujua kuwa jiji limeota upya ubavuni mwake.

Miezi minne baadaye, mabasi yalianza kupita barabara ya mzunguko, kitongoji kwa kitongoji. Jumamosi moja mama alimchukua Chiriku hadi kiwandani. Basi lilipanda kilima, na kwa mara ya kwanza Chiriku aliliona jiji zima likimeta chini, kubwa kupita kiasi. Kabla hajashiba kulitazama, wakafika. Dakika thelathini na tano tu.

Wakishuka, mama alimshika bega. "Hesabu ya uongo ingetuacha foleni, mimi na wenzangu wote. Ukipewa kazi ya kuwasemea watu, mwanangu, kwanza nenda ukawasikilize."