Skrini ya Kijivu na Nguzo ya Ngazi

Kila Jumamosi, akishafagia sebule na kuosha vyombo, Chapuchapu aliruhusiwa kukaa kwenye kompyuta ya baba yake mpaka baba amalize kuoga. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana msichana huyu hakujua kungoja: chai aliinywa ikimuunguza, na viatu alivivaa huku anatembea. Baba yake alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na kompyuta ile ndiyo iliyowalisha.

Jumamosi hiyo alikuwa na jambo lake. Katika klabu ya kompyuta shuleni, kaka mmoja wa darasa la juu aliwaonyesha kompyuta yake yenye mfumo wa Linux. Madirisha ya programu kwenye skrini yake hayakulaliana; kila lililofunguliwa lilijipanga lenyewe ubavuni mwa jingine, kama vigae sakafuni. Kipanya hakikuguswa, yote yalikwenda kwa vibonye. Chapuchapu akaingiwa na tamaa. Kompyuta ya baba nayo ilikuwa ya Linux, basi bila kuomba ruhusa akaweka ile programu ya kupanga madirisha, akaiagiza kompyuta iingie humo kila inapowashwa. Ilimpasa aandike mipangilio yake mwenyewe, lakini ataanza lini, atamaliza lini? Akachukua faili la mipangilio la yule kaka, akalibandika zima zima bila kusoma hata mstari mmoja. Akazima, akawasha tena.

Skrini ikaja kijivu tupu. Alibonyeza vibonye vya kufungua dirisha la kuandikia amri; kimya. Akabonyeza tena na tena. Mlango wa bafu ulipolia, aliruka kitini akashika ufagio, akaanza kufagia sebule ambayo haikuwa na hata unyoya.

Hapo simu ya baba ikaita. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa ujenzi wa nyumba moja ya ghorofa. Mvua ya jana ilikuwa imelowesha michoro yao, na ukurasa wa nguzo ya ngazi umegeuka uji. Zege lilikwisha kuchanganywa, na likikaa litaanza kuganda. Alitaka kujua jambo moja tu: nguzo ile ina nondo ngapi?

Baba akamwambia asubiri kidogo, akakata simu, akaketi mbele ya kompyuta. Akatikisa kipanya. Akabonyeza huku na huku. Akachungulia waya nyuma ya meza.

"Umeigusa hii?" aliuliza.

"Hapana, baba. Nilikuwa nafagia."

Uongo ulitoka mwepesi. Baba akasema basi diski iliyohifadhi michoro yake yote imekufa, na uso wake ukabadilika. Chapuchapu hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Na kibaya zaidi, alikuwa ameanza kuelewa kosa lilipo: faili lile linaita programu ambazo yule kaka anazo, na kompyuta hii haina. Dawa alikuwa nayo kichwani, ila kuitaja ni kujitaja.

Msimamizi akapiga tena, safari hii kwa sauti ya juu. Baba akafumba macho, akijaribu kukumbuka.

"Nadhani ni sita," alisema. "Ndiyo, weka si—"

"Baba, usimwambie." Ufagio ulimponyoka. "Diski haijafa. Ni mimi nimebadilisha mipangilio. Nilikudanganya."

Baba akamwambia msimamizi asimwage hata ndoo moja, akainuka na kumpisha kiti.

Chapuchapu alibonyeza vibonye vitatu kwa pamoja, skrini ikawa nyeusi yenye maandishi matupu. Baba akaandika nywila. Faili likafunguka, na mara hii msichana alilisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata juu ya kioo, mpaka akaufikia mstari ulioita programu isiyokuwemo. Akaandika jina la ile iliyomo, akawasha upya. Dirisha la amri likafunguka, na kutoka hapo baba akaufungua mchoro.

Nguzo ya ngazi ilikuwa na nondo nane. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza ghorofa, baba akaibadilisha hesabu, kisha akasahau.

Baba alimtajia msimamizi nane, akairudia mara mbili, halafu akampa Chapuchapu simu aeleze mwenyewe kwa nini mafundi wamengojeshwa. Alieleza huku analia, na msimamizi akamsikiliza mpaka mwisho.

Simu ilipokatwa, baba alimketisha karibu naye.

"Kuharibu si ajabu, mwanangu. Anayejifunza huharibu, hata mimi nimeharibu mengi. Kesho tutaisoma hiyo mipangilio pamoja, na tutaweka nakala ya ile ya zamani kwanza. Lakini uliponificha, ulinifanya nitafute kosa pasipo na kosa, nikakaribia kumwagiza aweke sita. Ngazi ile watapanda watu, na watoto kama wewe. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama unaniogopa."

Chapuchapu alijibu kwamba amesikia, na hakulijibu hilo chapuchapu.