Niliomba Tiketi Isiyo na Mwisho

Kosa ni langu, nami nalitaja kabla sijamtaja mtu mwingine, Mungu anisamehe. Wodi ya wazazi uliyokabidhiwa wewe wiki hii, niliisimamia mimi. Mambo ya mashine nilifundishwa ukubwani, siku tatu tu. Nikiandika neno la siri, mtandao ulinipa tiketi ya kufungulia mafaili ya wagonjwa. Muda wa saa kumi ukipita tiketi inakufa, naanza upya. Mzazi anapiga kelele, mashine inaniuliza mimi ni nani! Nikachoka.

Nikamkamata fundi wa mtandao koridoni.

"Mwanangu, niondolee huu ukomo."

"Mama, tiketi isiyo na mwisho ni ya peponi tu," akacheka.

"Usinifundishe dini. Nimezalisha nusu ya mtaa huu, hata kitovu chako pengine nilikikata mimi."

Akashindwa. Palipoandikwa kumi akaweka sifuri. "Hapa sifuri maana yake milele," akasema.

Ilianza kidogo. Asubuhi moja naingia kazini, mfagizi ananiuliza, "Mama, umesahau nini tena?" Nikamwambia ndiyo kwanza nafika. Akadhani ni utani. Lakini mashine ilionyesha faili la mgonjwa limesomwa alfajiri kwa jina langu, saa ambayo nilikuwa nyumbani naswali. Na chumba kilinuka maziwa yaliyochacha.

Nikasema ni uzee, nikanyamaza. Hilo nalo ni kosa.

Wiki hiyohiyo binti yangu akalazwa kitanda cha nne, mimba ya kwanza. Mchana nikatoka kula. Niliporudi akaninong'oneza:

"Mama, mbona mikono yako imekuwa baridi vile?"

"Lini?"

"Sasa hivi, uliponishika tumbo. Ukasema mtoto akilia tu, unamchukua."

"Kisha nikatoka kupitia wapi?"

Akatazama ukutani. "Sikukuona ukitoka."

Nikakimbilia mashine, na humo ndani ya faili la binti yangu herufi zilikuwa zikijiandika, tak, tak, tak, bila kidole juu ya vibonye, kwa jina langu, kwa maneno yangu na makosa yangu yaleyale ya kuandika, kwamba mtoto wa kitanda cha nne akizaliwa akabidhiwe bibi yake, asiulizwe kitu, na huku ile harufu ya maziwa ikinijia shingoni kama pumzi, nikasikia viatu vyangu, viatu vyangu mwenyewe nilivyovivaa miguuni, vikitembea polepole koridoni kuelekea wodini, nami nimesimama palepale.

Fundi akaja mbio, akarudisha ukomo wa saa kumi. Herufi hazikukoma.

"Imekataa?"

"Ukomo mpya ni wa tiketi mpya," akanong'ona. "Iliyokwisha kutolewa hauihusu. Dawa yake ni kubadili ufunguo mkuu unaozipiga muhuri tiketi zote. Tena mara mbili, mama. Ukibadilisha mara moja, ule wa zamani bado unakubaliwa."

"Fanya!"

"Hospitali nzima itatupwa nje ya mtandao."

"Itaingia tena. Fanya, baba!"

Akabadilisha mara ya kwanza, akasema tungoje mitambo ipatane. Binti yangu hakungoja. Mtoto alizaliwa nami nimeshika kichwa cha mama yake nikisoma kila aya niliyoijua, akalia, na ule mlio wa viatu ukasimama nyuma ya pazia, mikono miwili ikapenya, kidoleni pete kama hii yangu, na sauti yangu mimi ikasema kwa upole, "Nileteeni mjukuu wangu," na muuguzi aliyempakata mtoto, aliyezoea kunitii miaka yote, akageuka akapiga hatua moja kuelekea pazia bila hata kunitazama mimi niliyekuwa mbele yake.

"Ya pili!" fundi akapaza sauti.

Mashine zote zikauliza neno la siri. Pazia likaanguka. Nyuma yake hapakuwa na mtu, ila sakafu imelowa maziwa.

Mjukuu wangu ni mzima. Mimi nimestaafu, na wodini sitakanyaga tena kwa sababu yoyote. Lakini jana fundi alinipigia simu: jina langu, alilolifuta kwa mkono wake, limeomba tiketi mara tatu.

Basi mwanangu, nakuomba hili tu. Ukiniona nimesimama mlangoni pa wodi, usinipe mtoto.