Nafasi Nyuma ya Zainabo

Mjomba wangu Amisse alikuwa fundi wa redio, na meza yake ya kazi nimeirithi mimi, kwa hiyo mtu asije kunifundisha umeme. Nimechoka na wajuaji wanaosikia kisa hiki wakajibu, "Waya ulilegea tu." Waya haukulegea. Mjomba aliulehemu kwa mkono wake, na yaliyotokea aliyaona jua likiwa limewaka, si usiku wa vivuli.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita vya ukombozi, upande wa Quionga. Wareno walikuwa wamewakusanya watu kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa seng'enge, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji msituni. Geti lilikuwa moja. Asubuhi watu wanatoka kwenda mashambani, alasiri wanarudi, na ole wao hesabu zisilingane. Siku hiyo mjomba alikuwa kibarazani kwake, anasafisha redio ya jirani na kupiga soga, chai ya tangawizi pembeni. Akaja Buanali, sipai wa serikali, mtoto wa palepale pwani aliyevalishwa sare, akamwambia chefe anamwita.

Chefe Bernardino, mkuu wa kituo, alikuwa mpenzi wa vifaa vya umeme. Alikuwa na majarida ya kutoka Lisboa yenye michoro ya saketi, na kisanduku kilichojaa transista na kapasita, vitu vya kuchezea jioni wenzake wakinywa mvinyo. Alitandaza mchoro mmoja mezani. Alitaka mashine ya kuhesabu watu getini, maana masipai wake walikuwa wanakosea, na wengine alihisi wanakosea kwa makusudi. Mjomba hakuulizwa kama anataka.

Kazi yenyewe ilitoka nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi mjomba mpaka anakufa. Upande mmoja wa geti aliweka taa ya Land Rover, usawa wa kifua, inawashwa kwa betri. Upande wa pili, ndani ya kopo la bati, jicho la umeme. Mtu akiukata mwanga, rilei, ile swichi ya umeme, inagonga, tak, na namba inapanda moja. Lakini mtu ana mikono, na mikono hupunga. Mashine ingemhesabu mara mbili. Kwa hiyo mjomba akaongeza saketi ya muda. Kila inapohesabu, kapasita inajaa, kisha inamwaga umeme wake polepole, na mpaka imalize mashine ni kiziwi. Ndiyo maana watu waliamriwa kupita mmoja mmoja, kila mtu akimwachia mwenzake nafasi ya pumzi moja.

Mashine haikukosea hata siku moja. Kisha Saburi akafa.

Saburi alikuwa rafiki wa mjomba tangu madrasa. Askari wa chefe walimchukua kumhoji habari za wapiganaji, wakamrudisha amefungwa kwenye jamvi. Walimuua, nasema wazi. Mkewe, Zainabo, akaingia eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na pwani nzima inalijua hilo, hata Buanali alilijua. Chefe akasema kijijini kwake hakuna likizo. Eda haijafika hata wiki, akamtoa Zainabo kwa mtutu wa bunduki aende kulima.

Zainabo alijifunga mtandio, akachukua jembe, akapita getini. Hakulia. Hakumtazama mtu.

Makaburi yalikuwa nje ya seng'enge, kando ya njia ya mashambani. Alasiri watu waliporudi, mashine ilionyesha mtu mmoja zaidi ya waliotoka. Chefe alidhani mpiganaji ameingia. Askari walipekua nyumba zote, wakapindua vitanda, wakachoma mikuki kwenye maghala ya muhogo. Hapakuwa na mgeni. Asubuhi yake watu walipotoka, mashine ikaonyesha tena mtu mmoja zaidi.

Mjomba aliitwa. Akaifungua, akabadilisha kapasita, akapitisha mkono wake kwenye mwanga. Mkono mmoja, namba moja. Aliporidhika, akasimama karibu na jicho kuangalia foleni ya kurudi. Zainabo akapita. Tak. Aliyemfuata, mama mmoja mtu mzima, alikuwa amesita kuokota jembe lililomponyoka. Geti lilikuwa tupu. Mjomba alikuwa anaitazama ile nafasi.

Tak.

Hakumwambia mtu. Lakini yule mama naye alisikia, na kijiji cha seng'enge hakina siri. Kesho yake, bila mtu kuamrisha, foleni nzima ilimwachia Zainabo nafasi nyuma yake, upana wa mwanaume mzima. Wengine waliokaribia waliisalimia kwa sauti ya chini. Mzee mmoja akanong'ona, "Mpisheni." Tak. Mjomba alisema aliogopa, lakini moyoni alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu vita vianze.

Chefe hakusikia raha. Siku moja aliwazuia watu wasiende mashambani, akamsimamisha Zainabo getini mbele ya wote, Buanali akitafsiri.

"Anasema umtaje unayemwingiza," Buanali alimwambia. "Usipomtaja, leo hii unapelekwa gerezani kisiwani."

Waliopelekwa kisiwani hawakuwa wakirudi. Mjomba akamsogelea. "Shemeji," alinong'ona, "omba msamaha tu."

"Aombe yeye," Zainabo alijibu. Kisha akamgeukia Buanali. "Mwambie ni mume wangu. Chefe kanitoa ndani eda yangu haijesha, na Saburi hawezi kuniacha nnatembea peke yangu katikati ya bunduki. Anirudishe nyumbani nikae eda yangu, na mume wangu atapumzika. Kisiwani mie sendi."

Buanali alitafsiri. Chefe akacheka. Akasema basi yeye mwenyewe atapita kwenye nafasi ya huyo mume, ili washenzi waone kwamba hapana kitu. Ilikuwa saa sita mchana. Jua la utosini.

Zainabo akapita. Tak.

Chefe akafuata, kifua mbele, akapita kwenye mwanga. Kimya.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Tak.

Akageuka. Akarudi, akapita tena. Kimya. Akamsukuma Buanali apite. Tak. Akapita yeye. Kimya. Akaupeleka mkono wake mbele ya taa, vidole vimetanuka. Mjomba alikuwa upande wa pili, anatazama lile kopo la bati. Mwanga ulibaki pale pale juu ya jicho, mzima, hauna kivuli cha hata kidole kimoja.

"Conserta!" chefe alipiga kelele. Tengeneza!

"Haijaharibika, sinyori," mjomba alisema.

Hapo ndipo chefe alipoanza kuogopa. Aliikumbatia taa, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo. Kioo kilikuwa cha moto. Hakuondoa mikono. Mwanga ukawa mkali, watu wakaanza kuukwepa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakawa wameinamisha nyuso. Mjomba pia aliinamisha.

Walipoinua, chefe hakuwepo.

Askari walitafuta visimani, vichakani, mpaka mikokoni. Hawakupata hata kifungo cha shati. Kwa hesabu ya mashine hakuwa ametoka wala hakuwa ameingia. Sajenti aliyeshika nafasi yake hakutaka kujua zaidi. Alimwambia Zainabo aende nyumbani kwake akae, akaongeza neno moja ambalo Buanali alikataa kulitafsiri kwa aibu. Lilikuwa "tafadhali".

Zainabo alikaa eda yake mpaka ikaisha. Siku ya kutoka alioga, akavaa kanga mpya, akachukua jembe lake, akaja getini. Tak. Nyuma yake watu wakaacha nafasi kama walivyozoea. Wakasubiri. Mjomba akasubiri. Mashine haikugonga.

Zainabo hakugeuka. "Songeeni," aliwaambia. "Ameshapumzika."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, na wanawake wakamshika.

Alasiri ile mjomba alikwenda kupangusa vumbi kwenye taa. Akapangusa, akapangusa tena. Kulikuwa na alama haziondoki, za vidole vya mikono miwili, vimetanuka. Akapitisha ukucha juu yake. Zilikuwa upande wa ndani wa kioo. Taa zile huzibwa kiwandani, hazifunguki.

Mjomba aliokota jiwe. Zainabo alikuwa anarudi kutoka shamba, jembe begani. Akasimama, akaitazama taa kwa muda, akainama karibu kabisa na kioo.

"Usiivunje," alimwambia. "Mwache na yeye akae ndani."

Haikuvunjwa. Taa ninayo mimi, juu ya kabati, na mjuaji yeyote anakaribishwa kuja kunieleza habari za waya. Aje mara mbili lakini, siku mbalimbali, kwa sababu zile alama hazikai mahali pamoja.