Neno "Nakuja"

Kila Jumamosi Firdaus humsaidia mama yake mdogo, Mulki, kuuza leso na madera katika soko la Mosocho. Mulki akiwa na furaha, soko zima hujua: atacheka, atamfunga Firdaus leso mpya na kumwita malkia. Akiudhika, soko zima hujua vilevile. "Ana kisirani huyo," wachuuzi husema, na Firdaus huona aibu hata akatamani kujificha chini ya meza.

Kisirani wapi! Daktari alikwisha kueleza kwamba Mulki ana tatizo la haiba: hisia zake hupanda upesi na kushuka polepole, na hofu yake kubwa ni kuachwa. Tatizo hilo linatibika, mradi aendelee kwenda kliniki kuzungumza na wauguzi. Ndiyo maana likizo hii mama yake Firdaus alimwambia amsindikize kila Jumatano. "Akiacha kliniki, atarudia kujifungia ndani bila kula," mama alisema.

Jumamosi moja Joyline, rafiki yake Firdaus, alipita sokoni na kamba ya kuruka. "Mama mdogo, nakuja," Firdaus akasema, akaenda zake. Si ndivyo tusemavyo huku kwetu? Mtu anakupa kisogo huku anakwambia anakuja! Aliporudi jioni, alikuta madera yamezagaa chini na Mulki analia.

"Ulisema unakuja! Sema tu umenichoka!"

Firdaus alinuna. Kosa lake liko wapi? Kila mtu husema nakuja.

Jumatano wakaenda kliniki. Muuguzi aitwaye Edinah alimsikiliza Mulki vizuri, kisha akaitwa wodini. "Nakuja," akasema, akatoka. Wakangoja, wakangoja. Akaingia muuguzi mwingine, mwanamume wasiyemjua.

"Haya mama, nieleze shida yako tangu mwanzo."

Lo! Mulki alisimama, kiti kikaanguka. "Mwanzo tena? Wallahi sirudi hapa!" Akatoka mbio.

"Mwache," yule muuguzi akasema. "Hawa hujifanya tu."

Firdaus akakimbia hadi wodini. "Sista, mama mdogo ameondoka! Mwenzako anasema anajifanya, lakini hajifanyi! Ulisema unakuja, naye akakuamini. Hata mimi nilimfanyia hivyo hivyo."

Edinah akamshika mkono. Kisha wakatoka pamoja, wakamkuta Mulki langoni.

"Dada Mulki, nimekosa," Edinah akasema. "Nilijua sitarudi, nikasema nakuja kwa mazoea. Kuanzia leo utaniona mimi, kila Jumatano, na hutaanza tena mwanzo. Siku nisipokuwepo, nitakwambia mapema. Na mwenzangu nitazungumza naye, maana uchungu wako si wa kujifanya."

Mulki akauliza, "Kila Jumatano?"

"Kila Jumatano."

"Haya."

Edinah akamgeukia Firdaus. "Mwanangu, mtu anayeogopa kuachwa hutibiwa pia kwa neno la kweli. Ukienda, sema unaenda. Ukisema utarudi, rudi."

Jumamosi iliyofuata Joyline akaja tena na kamba yake. "Mama mdogo, nak..." Firdaus akajikata kauli. "Naenda kucheza. Nitarudi kwa adhana ya alasiri."

Mulki alimtazama sana. "Nenda."

Muadhini hakuwa amemaliza, Firdaus akatokea akihema. Madera yalikuwa yamepangwa vizuri mezani, na Mulki alikuwa anamhudumia mteja. Akainua uso, akatabasamu.

"Umekuja," akasema.